Sahihi ya Tatu

Katika kampuni ile lori halikununuliwa kwa kutazamwa rangi. Marehemu mwenye kampuni, aliyeanza na lori moja bovu na kuacha thelathini mazima, aliweka kanuni yake kabla hajafa: lori jipya haliingii yadini bila sahihi tatu. Ya kwanza ya meneja, ya pili ya fundi mkuu, na ya tatu ya dereva aliyeliendesha safari mbili za kwenda na kurudi, njia ileile, mzigo uleule. Sahihi moja ikikosekana, lori linarudi lilikotoka. "Meneja anapenda karatasi," alikuwa akisema mzee yule, "na fundi anapenda injini. Lakini anayelala humo ndani ni dereva."

Mwaka ule walitaka malori kumi na mawili kwa mpigo, ya daraja la juu, yale ambayo mtu akishuka baada ya siku mbili mgongo wake hauna habari kama ulisafiri. Walichambua vitabu vya wauzaji kwa miezi minne, wakabaki na malori mawili ya kujaribu. Moja lilikuwa la kijivu, jingine jeupe. Na dereva wa kuyajaribu, bila hata mjadala, akawa Mzee Breki.

Jina hilo alipewa na wenzake, naye alilizoea kiasi kwamba akiitwa kwa jina la kwenye leseni aligeuka kumtafuta huyo anayeitwa. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na katika miaka ishirini na tisa ya usukani hakuwahi kugonga hata kuku. Nusu ya madereva wa kampuni wamepita mikononi mwake. Meneja mwenyewe, binti wa marehemu, alijifunza kuendesha mle yadini akiwa amekalishwa na Breki juu ya mto mkubwa ili aone mbele. Ndiyo maana mpaka leo alimwita mjomba, hata mbele ya wageni wenye tai.

Miezi kumi na moja nyuma, mkewe Breki alikuwa amefariki. Habari zilimkuta kwenye ghala la mwisho wa njia, mwendo wa siku mbili kutoka nyumbani, nusu ya mzigo ikiwa bado juu ya tela. Alisimamia upakuaji mpaka mfuko wa mwisho wa saruji, akasaini hati, akageuza lori. Alipofika mkewe alikuwa ameshazikwa. Watu walimshika mkono, naye akawashukuru. Walingoja alie, hakulia, wakasema amejikaza kiume. Hakuwa amejikaza. Alikuwa akingoja pamoja nao, na kile kilichongojwa hakikuja. Baada ya wiki tatu akarudi kazini. Tangu hapo chai ikiwa ya moto au imepoa, kwake ilikuwa chai tu. Mtu akimweleza jambo la furaha alisema "vizuri," akielezwa la msiba alisema "pole," na sauti ilikuwa moja.

Lori la kijivu alilimaliza bila neno. Lilikuwa lori jema, zito, la kutumia gia kwa mkono, na Fundi Mkuu alilipenda kwa sababu aliweza kulifungua lote kwa spana zake mwenyewe. Mafuta lilikunywa lita thelathini na nane kwa kila kilomita mia. Breki aliandika: linafaa.

Halafu likaja jeupe. Hilo lilikunywa lita thelathini na tatu. Gia zake zilijibadilisha zenyewe, kiti kilikaa juu ya hewa, kitanda kilikuwa na godoro la kweli, na kwenye miteremko injini ilijizuia yenyewe hata mguu usiguse breki. Na juu ya dashibodi, mkabala na uso wa dereva, palikuwa na kijicho cheusi ukubwa wa kifungo cha shati.

"Hii ni kamera," alisema Mkufunzi, mtu mwembamba wa miwani aliyetumwa na wauzaji. "Inamtazama dereva. Ikiona anasinzia, inawasha picha ya kikombe hapa kwenye dashibodi, maana yake simama unywe kitu, upumzike. Ukikaidi, kiti kinatetemeka."

"Basi nami naitazama," alisema Breki, akaondoka.

Kikombe cha kwanza kiliwaka kilomita ya sabini. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, alikuwa amelala usiku kucha, na barabara ilikuwa nyeupe kwa jua. Alikitazama kikombe, kikazimika. Baada ya dakika kumi kikawaka tena. Kufikia jioni alikuwa amezoea, kama mtu anavyozoea nzi. Aliporudi yadini siku ya nne, Mkufunzi alichomeka waya wake, akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Mara sitini na tatu," alisema.

Fundi Mkuu, mtu mnene mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani, alishika kiuno. "Sitini na tatu! Sasa hili ni lori au ni mkahawa wenye matairi?"

Waliokuwa karibu wakavunjika mbavu.

"Mzee, ulikuwa unasinzia?" Mkufunzi aliuliza kwa adabu.

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"We bwana," Fundi akaingilia, "unajua unaongea na nani? Huyu akisinzia, jua nalo linasinzia. Kamera yako ndiyo imevaa miwani, siyo wewe peke yako."

Meneja hakucheka. Alitaka kujua tu. Akaamuru lori lijaribiwe na wengine. Mkufunzi alilizungusha saa moja: kimya. Madereva watatu walipanda kwa zamu: kimya. Meneja mwenyewe aliliendesha mpaka njia panda na kurudi, kimya. Fundi Mkuu alipanda mwisho, akaongea na simu na kuimba njia nzima, na kikombe kikamwakia mara mbili alipokuwa akitafuta namba.

Kamera ilikuwa nzima kwa kila mtu isipokuwa Breki.

"Ni macho yake," Fundi alitoa hukumu. "Ndugu yangu, wewe macho yako yalizaliwa yamelala. Hata siku ya harusi yako picha zote umesinzia."

Breki alitabasamu kwa sababu ilikuwa zamu ya kutabasamu.

Lakini Mkufunzi alimvuta pembeni, kwenye kivuli cha tela. "Mzee, nisamehe. Hii kamera haitazami kope tu. Inatazama macho yanavyotembea. Dereva aliye macho hatulizi macho. Anatazama kioo cha kushoto, barabara, kioo cha kulia, dashibodi, barabara tena. Macho yako wewe yamekaa mahali pamoja. Dakika tano, saba, mahali pamoja."

"Nawafundisha watu hilo miaka ishirini," alisema Breki. "Kioo, barabara, kioo."

"Najua, mzee. Ndiyo maana nimekwambia peke yako. Nitairekebisha kamera upya, tuone safari ya pili."

Nyumbani alikaa na dada yake mkubwa, mshonaji, aliyekuja kwa msiba na hakuondoka tena. Alikuwa mwanamke wa sala. Kila alfajiri aliomba kwa sauti, akiwataja watu mmoja mmoja, mpaka mwenye duka aliyempunja uzi. Asubuhi ya safari ya pili alimkalisha mdogo wake kwenye kiti cha jikoni.

"Leo omba wewe."

Breki akaomba. Alimshukuru Mungu kwa uzima, akaomba ulinzi wa barabarani, akawaombea wagonjwa na wasafiri, akamaliza. Ilichukua chini ya dakika moja.

Dada akafumbua macho. "Mdogo wangu, umeomba kama mtu anayesoma namba za magari."

"Maneno si ndiyo hayohayo, dada?"

"Maneno ndiyo hayo. Wewe ulikuwa wapi?"

Breki akasimama. Akabeba begi lake.

Kwenda kulikuwa shwari, ukiacha vikombe. Alifikisha saruji, akapakuliwa, akalala, akapakia mzigo wa kurudi. Siku ya kwanza ya kurudi, yapata saa nane mchana, aliingia kwenye kituo kimoja cha mafuta chenye uwanja mkubwa wa kuegesha. Alikuwa hajafungua mlango vizuri alipoona basi linaingia nyuma yake kwa kasi, likasimama mshazari, dereva wake akaruka chini. Alikuwa mtu wa makamo, shati la sare limelowa mgongoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee wangu, mimi nimekukosea nini?"

Breki alimtazama. "Hujanikosea. Hata sikujui."

"Hunijui! Nimekupigia honi tangu darajani. Nimekuwashia taa mpaka nimechoka. Mara ya kwanza nataka kupita, sawa, umebaki katikati, nikasema mzee hajanisikia. Mara ya pili nimeshafika ubavuni kwako, unahamia upande wangu! Matairi yangu yameingia kwenye changarawe, mzee. Nina abiria hamsini na wawili mle ndani. Kuna mama ana pacha wa wiki tatu."

Madirisha ya basi yalikuwa yamejaa nyuso. Mtu mmoja alipaza sauti, "Mnuse mdomo huyo!"

Dereva wa basi alisogea kweli, akavuta hewa, akatulia. Hasira ikampungua, ikaingia kitu kingine. "Hujanywa. Nilidhani umelala. Nilipokuwa ubavuni nilikuchungulia. Umekaa wima, macho mbele, kama askari wa gwaride. Hebu niambie ukweli tu, mzee, wala sikupeleki popote. Hukuniona?"

"Sikukuona."

"Na honi?"

"Sikusikia."

Yule mtu alisimama akiifinyafinya kofia yake. "Basi pumzika, baba," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa. "Tafadhali pumzika." Akarudi kwenye basi lake.

Breki alipanda tena, akaketi. Alijaribu kulikumbuka daraja. Lilikuwa refu, la vyuma, lori lilitumia dakika nne kulivuka, na sauti ya matairi juu yake ilikuwa tofauti na sauti ya barabara. Alilijua kama anavyojua ngazi za nyumba yake. Alikumbuka kituo cha ukaguzi kabla ya daraja. Baada ya hapo alikumbuka bango la kituo hiki cha mafuta. Katikati hapakuwa na kitu. Wala hakukumbuka kikombe, na kiti kama kilitetemeka alidhani ni barabara.

Akangoja kuogopa. Ilikuwa haki yake kuogopa. Alitazama mikono yake aione inatetemeka, ikawa imetulia juu ya usukani kama mikono ya mtu mwingine. Aliwaza wale pacha wa wiki tatu. Aliwaza basi likiwa limelala ubavu kwenye changarawe, na viatu vya watu vimetapakaa, maana aliwahi kuona ajali za wengine na anajua viatu hutapakaa. Alipanga picha zote hizo mbele yake, moja baada ya nyingine, na moyo haukusogea.

Hilo ndilo lililomwambia. Siyo honi wala kikombe. Mtu aliyekaribia kuwamaliza watu hamsini na wawili, akaelezwa, akaelewa, na asishtuke, huyo si mtu wa kukabidhiwa tani ishirini na nane.

Akafunga macho aombe. Maneno ya kila siku yalikuja yamejipanga mstari, akayaacha yapite. Yalipokwisha alisema, "Mungu, sioni." Akakaa hapo mpaka jua likashuka upande wa pili wa kioo.

Safari iliyobaki aliimega vipande vidogo. Aliendesha nusu saa, akasimama, akashuka, akalizunguka lori, akapanda. Alisema kwa sauti kila alichokitazama: kioo, barabara, kioo, mtu wa baiskeli, kioo. Giza likikaribia aliegesha. Akisema kwa sauti kikombe kilinyamaza. Akisahau kiliwaka, naye akasimama. Mwendo wa siku moja na nusu ulimchukua siku tatu. Meneja alipiga simu mara mbili, akamjibu, "Nakuja, mama. Taratibu."

Alipoingia yadini Mkufunzi alichomeka waya wake, akamsomea hesabu; Fundi Mkuu alikuwa anamngoja pembeni, amejipanga. Alimshika mkono na kumpeleka nyuma ya ghala la vipuri, mahali ambapo watu wa gereji huenda kusengenya.

"Ngapi safari hii?"

"Hamsini na nane."

"Safi kabisa!" Fundi alipiga kofi paja lake. "Sikiliza sasa. Wewe fomu yako ina mistari mitano. Andika mstari mmoja: kamera haimtambui dereva, inatoa taarifa za uongo. Basi. Yadi nzima ni mashahidi wako. Watachukua la kijivu, mimi nitakuwa na lori ninalolielewa, na wewe una kiti chako mpaka utakapostaafu."

"Na nikiandika kamera ni nzima?"

Fundi alicheka, kisha akaacha. "Ukiandika kamera ni nzima, maana yake mgonjwa ni wewe. Malori kumi na mawili yote yanakuja na hicho kijicho. Utapanda lipi? Unamwaga unga kwa mkono wako mwenyewe. Utakaa nyumbani umshikie dada yako sindano?"

"Fundi, unaamini kamera ni mbovu?"

"Naamini Breki ni Breki," alisema Fundi, na macho yake yalikuwa mazito kwa upendo. "Miaka ishirini na tisa. Wote hapa tunaamini. Hata yule Mkufunzi ameanza kuamini."

Breki alielewa wakati huo kwamba hakuna mtu atakayemshusha. Wangemlinda. Wangetoa ushahidi, wangeapa, wangemcheka Mkufunzi mpaka akusanye nyaya zake aondoke. Wangemrudisha barabarani kwa heshima zote. Hakuona uchungu wala furaha kwa jambo hilo. Aliliona tu, kama anavyoona kibao cha barabarani.

Walikutana ofisini saa saba na nusu. Chumba kilikuwa kidogo, feni inazunguka, ukutani ramani ya njia yenye pini za rangi. Meneja alikuwa ameshasaini fomu ya lori jeupe. Fundi alikuwa bado, na kalamu yake ilikuwa sikioni.

"Mimi kwa injini sina kesi," alisema Fundi. "Nalipenda la kijivu, lakini hili nalo siwezi kulisingizia, injini yake ni saa. Kilichobaki ni hicho kijicho. Nimesema, nafuata sahihi ya dereva. Breki akisema ni kizima, nasaini hapahapa, hata kwa kalamu nyekundu." Akamkonyeza Breki.

Meneja alimsogezea fomu. "Mjomba, zamu yako."

Breki alivaa miwani yake ya kusomea. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa na wa polepole. Waliisikia kalamu. Alipomaliza aliigeuza karatasi waisome.

Alikuwa ameandika: *Lori linafaa kuliko lile. Kamera haina kosa. Dereva ndiye.* Chini yake sahihi.

Fundi alisoma mara mbili, midomo ikicheza. "Hii nini?"

"Ndivyo ilivyo."

"Ulikuwa unalala?"

"Silali. Nakuwa sipo." Akawaeleza habari za basi, tangu darajani mpaka yule mtu aliyemnusa mdomo. Hakuongeza wala kupunguza. Alipofika kwenye pacha wa wiki tatu Meneja aliweka mkono mdomoni.

"Unatia chumvi," alisema Fundi, lakini kwa sauti ndogo.

"Sitii."

"Mjomba," Meneja alisema, "kwa nini hukuniambia? Miezi yote hii?"

"Nikwambie nini? Ningekuwa na maumivu ningekwambia. Hakuna panaponiuma."

Feni ilizunguka. Fundi alitoa kalamu sikioni, akaitazama, ghafla akaipiga juu ya meza. "Subiri! Kanuni ya marehemu inasema sahihi ya dereva. Huyu amejiandika mwenyewe kwamba hafai kuendesha. Kama hafai si dereva, na kama si dereva sahihi yake haifai! Tupa hiyo karatasi, tuanze upya na mtu mwingine."

Alisema hivyo kwa ushindi, kama mtu aliyepata nati iliyopotea chini ya injini. Meneja akaitazama saa ya ukutani.

"Zamu inaisha saa kumi na moja jioni," alisema. "Mpaka saa kumi na moja mjomba ni dereva wa kampuni hii. Ameandika saa nane kasoro. Sahihi ni halali." Akamgeukia Fundi. "Wewe ulisema unafuata. Fuata."

Fundi Mkuu alisaini. Hakutumia kalamu nyekundu.

"Kesho utaenda kwa daktari," Meneja alimwambia Breki. "Nitakupeleka mwenyewe. Halafu sijui, mjomba. Tutaona. Siwezi kukuahidi kiti."

"Sijaomba kiti," alisema Breki. Akaweka funguo juu ya meza, zote, na ule wa lori lake la zamani, akatoka.

Hakujua pa kwenda. Alikuwa dereva mpaka saa kumi na moja, na kuondoka kabla ya muda hakuwahi kufanya hata siku moja. Kwa hiyo akaketi kwenye benchi la mbao kando ya bomba wanaponawia watu wa gereji. Madereva walipita wakamsalimia, "Mzee, vipi kamera, tumeishinda?" naye akajibu, "Imetushinda," wakacheka wakidhani ni utani. Lori jeupe lilikuwa limeegeshwa mbele yake. Mtu alikuwa akiliosha. Maji machafu yalipita karibu na viatu vyake, naye akavisogeza.

Yapata saa kumi na nusu Fundi Mkuu alikuja kunawa. Alisugua mikono kwa sabuni ya unga muda mrefu kuliko kawaida, akafunga bomba, akaketi upande wa pili wa benchi. Benchi likalia.

"Umenikata maini," alisema.

"Najua."

"Miaka minne ilikuwa imebaki kabla ya kustaafu. Minne tu."

"Najua."

Fundi alitoa kitambaa akafuta kidole kimojakimoja. "Ningeapa kwa ajili yako, unajua? Mahakamani ningeapa."

"Ndiyo maana nikaandika haraka," alisema Breki.

Mtu aliyekuwa akiosha lori alihamia upande wa pili. Breki alitazama matairi yanayodondosha maji, na swali likamtoka bila kulipanga. Hakujua kwamba lilikuwa ndani yake.

"Siku ile wewe ulikuwepo?"

"Siku ipi?"

"Ya kumzika."

Fundi aligeuka taratibu. "Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa mbele ya jeneza, kushoto. Nilibeba mwanzo mpaka mwisho."

"Hujawahi kunieleza."

"Hujawahi kuniuliza, ndugu yangu. Nani angeanza?"

"Haya. Nieleze."

Fundi alitazama huku na huku, kama anayetafuta mtu wa kumsaidia. Kisha akaweka kitambaa mfukoni. "Sasa nianzie wapi? Tulitoka kwako saa sita. Jua lilikuwa kali, dada yako alikuwa na mwavuli wa buluu, akawa anautoa apewe mtu mwingine, na kila anayepewa anampa mwingine, mwavuli ukazunguka msafara mzima hauna mwenyewe. Wasimamizi wakasema tupite njia ya juu. Mimi nikasema ya chini, ya juu ina mawe..."

Alieleza kwa ufundi wake, kitu kwa kitu, nani alikuwa nyuma ya nani, kamba zilikuwa za aina gani, ni nani aliyekosea hatua. Breki alisikiliza. Hakulia. Macho yake yalikuwa juu ya mdomo wa Fundi, yakaenda kwenye mikono yake iliyokuwa ikionyesha upana wa njia, yakarudi mdomoni.

King'ora cha zamu kikalia. Watu wakaanza kutoka gereji wakivua maovaroli. Fundi akanyamaza, akamtazama.

"Saa kumi na moja," alisema.

"Naam," alisema Breki. "Endelea."

"Basi, tulipofika pale kwenye mteremko," alisema Fundi, "tukasimama kidogo, tukabadilishana mabega."